Mjane aliyerithi nyumba ya vitabu



Kila tunapokaa pamoja siku ya likelemba, maneno ya matanga hayakosi. Mume amezikwa, majirani bado wanakunywa chai juu ya viti vya kukodi, na ndugu zake wameanza kuhesabu: godoro, televizio, pikipiki, funguo za nyumba, daftari la madeni ya duka. Mjane anaulizwa yeye alileta nini. Habari hiyo tumeiandika na tutaiandika tena. Lakini juma hili tunawaletea mjane wa namna nyingine, ambaye mume wake hakuacha pikipiki wala meza ya vitenge sokoni. Aliacha nyumba ya vitabu, pamoja na madeni yake, mikataba yake, na waandishi wengi waliokuwa wanangoja kuona nani ataishika.

Jina lake ni Christiane Yandé Diop. Baba yake alikuwa Msenegali. Mama yake, Maria Mandessi Bell, alikuwa mtu wa Douala, kule Kameruni. Baba alikufa watoto wakiwa bado wadogo, na ni mama aliyewalea peke yake. Kwa hiyo Christiane hakujifunza ujane kitabuni, alikuwa ameuona nyumbani tangu utoto. Ndugu yake mmoja alikuwa David Diop, mshairi, ambaye mwaka 1956 alitoa kitabu chembamba cha mashairi. Jina la kitabu hicho, Coups de pilon, kwa lugha yetu ni kama kusema Mapigo ya Mchi. Mama yeyote aliyetwanga sombe anajua sauti ile ni ya kazi gani, na anajua pia kwamba mchi unaweza kuwa silaha. David alikufa mwaka 1960 katika ajali ya ndege baharini karibu na Dakar, na umri wake ulikuwa miaka 33 tu.

Mume wa Christiane aliitwa Alioune Diop. Alizaliwa mwaka 1910 huko Saint-Louis, Senegal, katika familia ya Waislamu, na ukubwani akawa Mkatoliki. Alikuwa mwalimu, na kwa muda mfupi akawa seneta katika bunge la Ufaransa. Siasa hakuipenda sana. Alichotaka ni mahali ambapo mtu mweusi angeweza kuandika mawazo yake bila kwanza kuomba ruhusa kwa mzungu. Mwishoni mwa mwaka 1947 akaanzisha gazeti kubwa la fikra lililotokea Paris na Dakar kwa wakati mmoja, likaitwa Présence Africaine. Watu wenye jina kama Jean-Paul Sartre, Albert Camus, Léopold Sédar Senghor na Mmarekani Richard Wright wakakubali kusimama nyuma yake. Miaka miwili baadaye, 1949, gazeti likazaa nyumba ya kuchapisha vitabu yenye jina lilelile.

Na kitabu chake cha kwanza kilitoka kwetu.

Ndiyo, wamama, kilitoka Katanga. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amefika Kongo mwaka 1933 na kukaa kati ya Waluba wa Katanga. Aliandika kitabu juu ya namna Waafrika wanavyofikiri, kikatoka kwanza Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alioune Diop alipokisoma alishikwa nacho. Akakitoa tena Paris mwaka 1949, na dibaji akaiandika mwenyewe. La philosophie bantoue ndicho kilichofungua mlango wa nyumba ile.

Wazee wa Kolwezi wanamkumbuka padri huyo kwa jambo jingine zaidi kuliko kitabu: yeye ndiye alianza Jamaa, ule umoja wa wakristo ambamo mume na mke walijifunza kutembea pamoja, na ambao jina lake ni neno letu la Kiswahili. Wengine kati yenu mlilelewa na nenge na baba wa Jamaa. Juu ya kitabu chake watu hawakupatana. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikisema vikali: alisema mkoloni anafurahi sana kusikia kwamba Mwafrika anataka tu kuheshimiwa moyoni, maana hapo hahitaji kumwongezea mshahara wala kumpa nyumba nzuri. Ajabu ni kwamba maneno hayo ya Césaire, mwaka 1955, yalitolewa na nyumba ileile iliyotoa kitabu cha Tempels. Sisi tunaona hapo ndipo penye heshima ya Alioune Diop. Alipika vyakula viwili visivyopatana katika jiko moja, akaviweka mezani vyote, wageni wakajichagulia.

Katika miaka hiyo yote mke wake alikuwa wapi? Alikuwa humohumo kazini, tangu mwanzo. Jina la mume ndilo lililoandikwa mbele, na la mke lilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Ninyi mnaofanya kazi katika duka ambalo bango lake limeandikwa jina la papa, mnajua tunasema nini.

Mwezi wa tisa mwaka 1956, Alioune Diop aliita waandishi na wasanii weusi wa dunia nzima kwenye chuo kikuu cha Sorbonne, Paris. Walikaa siku nne, kuanzia tarehe 19 mpaka 22. Walitoka Afrika, Amerika, Haiti, Martinique, Madagaska. Hata Picasso alichora tangazo la mkutano. Picha ya wajumbe ingaliko, na ukiitazama utaona suti, tai, miwani, na wanaume. Richard Wright, alipochukua neno, aliwaambia wenzake waziwazi kwamba jukwaani hakuna mwanamke anayeshika kazi ya kuongoza mawazo, na kwamba watu weusi hawatakuwa huru ikiwa wanawake wao hawako huru. Ni vizuri kwamba mwanaume mmoja aliona. Lakini tunauliza, nani aliandika barua za kuwaita wageni kutoka pembe zote za dunia, nani aliwapangia mahali pa kulala, nani alijua nani hali nini? Mkutano wa watu wengi namna ile haujipangi wenyewe, na kazi ya namna hiyo haina picha.

Kongo ilirudi tena katika nyumba ile baada ya uhuru. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961, karibu na Élisabethville. Mwaka 1963 Présence Africaine ilitoa kitabu kilichokusanya hotuba na barua zake, kilichotayarishwa na Mbelgiji Jean Van Lierde, na Sartre akaandika dibaji. Mwili wa marehemu haukuwa na kaburi, lakini maneno yake yalipata mahali pa kukaa.

Halafu ikaja 1980. Mwezi wa tano, Alioune Diop alikufa.

Hapa inabidi tusimame kidogo tueleze, maana si wote tunaojua mchapishaji anakula nini. Ukirithi duka la vitenge, unahesabu vipande, unajua ulichonacho. Ukirithi nyumba ya vitabu, sehemu kubwa ya mali haionekani. Mchapishaji anatoa pesa kwanza: analipa wanaosoma na kusahihisha, analipa karatasi, analipa wenye mashine ya kuchapa. Kisha vitabu vinaingia depo. Kule Ufaransa muuza vitabu anavichukua, na visipotoka anavirudisha, kwa hiyo hata kitabu ambacho umekwisha kukiandika kuwa kimeuzwa kinaweza kurudi kwako miezi michache baadaye. Mwandishi naye ana sehemu yake katika kila kimoja kinachouzwa, na akifa, sehemu hiyo inakwenda kwa warithi wake kwa miaka 70, ndiyo sheria ya kule. Kila mwaka daftari la hesabu lazima liwe safi, la sivyo wajane na mayatima wengine wanaibiwa bila mtu kujua.

Kinachookoa nyumba ya namna hiyo ni vitabu vya zamani. Kitabu kipya ni kama mbegu uliyoipanda bila kujua mvua. Kitabu cha zamani ambacho walimu wanaendelea kukiomba, mwaka baada ya mwaka, ndicho muhogo wako shambani: unachimba kidogo, unakula, unaacha mwingine ukue. Présence Africaine ilikuwa na muhogo wa namna hiyo. Kulikuwa na Césaire. Kulikuwa na Cheikh Anta Diop, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya Misri ya kale na watu weusi kiliwashangaza wataalamu wa Ulaya. Kulikuwa na Soundjata cha Djibril Tamsir Niane, cha mwaka 1960, na hadithi za Birago Diop ambazo watoto wa shule za Afrika Magharibi wamezisoma kizazi baada ya kizazi. Kulikuwa pia na Mapigo ya Mchi, kitabu cha ndugu yake marehemu.

Lakini pamoja na vitabu hivyo kuna kitu kingine mrithi anachopewa ambacho hakuna avoka anayeweza kukiandika kwenye karatasi: imani ya waandishi. Mwandishi hampi kazi yake mtu kwa sababu tu ni mke wa fulani. Alimwamini Alioune kwa kuwa alikaa naye, alibishana naye, alikula kwake. Alioune alipoondoka, kila mmoja alikuwa huru kupeleka kitabu kijacho kwenye nyumba kubwa za Paris zenye pesa nyingi. Nyumba nyingi za vitabu zinakufa hivyo. Mlango unabaki wazi, ila hakuna anayeingia.

Christiane Yandé Diop alichukua uongozi, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuuacha. Gazeti liliendelea. Vitabu vya zamani vikachapishwa tena na tena. Na waandishi wakaendelea kuingia mlangoni.

Mmoja wao ni wa kwetu, na tunamtaja kwa furaha. V. Y. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, yaani Likasi. Alikuwa amepata nafasi katika nyumba ile wakati wa Alioune, kwa riwaya yake Entre les eaux ya mwaka 1973, juu ya padri Mwafrika anayekwenda porini kujiunga na wapiganaji. Angeweza kuhama mwanzilishi alipokufa. Hakuhama. Mwaka 1982 akatoa kwa mjane kitabu cha fikra chenye jina ambalo mnaoishi na kivuli cha marehemu nyumbani mtalielewa haraka: L'odeur du père, harufu ya baba. Na mwaka 1989 akatoa Shaba deux, riwaya iliyoandikwa kama daftari la siku la sista mmoja Mwafrika, Mère Marie-Gertrude, wakati wa vita vya Kolwezi vya mwaka 1978. Waliokuwa Kolwezi wakati huo hawahitaji kuelezwa. Kwetu sisi inagusa kwamba habari ya mwanamke aliyebaki na wagonjwa na wakimbizi mji ukiwa unaungua, ilichapishwa na nyumba iliyokuwa inaongozwa na mwanamke aliyebaki.

Mudimbe pia alikusanya wataalamu waandike kitabu kikubwa kwa Kiingereza juu ya miaka arobaini ya Présence Africaine, kilichotoka Chicago mwaka 1992. Mwaka 2006 Paris walikumbuka miaka hamsini ya mkutano wa Sorbonne. Kuanzia mwisho wa mwaka 2009 mpaka mwanzo wa 2010, jumba la makumbusho la quai Branly likaonyesha historia ya nyumba ile, barua zake na picha zake. Vitu kama hivyo vinaonyeshwa tu ikiwa kuna mtu aliyevitunza. Nani kati yetu, baada ya matanga, amewahi kuona karatasi za marehemu zikifungia karanga sokoni? Wengi.

Wako wanaosema kwamba baada ya 1980 nyumba ile haikuwa na moto wa zamani, kwamba ilitunza kuliko ilivyoanzisha. Huenda ni kweli kwa sehemu. Wakati ulikuwa umebadilika: wachapishaji wakubwa wa Paris walikuwa wamegundua kwamba Waafrika wanaandika vizuri, nao wakawa wanawatafuta wenyewe. Sisi tunapima kwa kipimo cha nyumbani. Mjane aliyepokea shamba, akalilima, akawalisha watoto, na hakuuza hata pembe moja kwa mgeni, hatumuulizi kwa nini hakununua shamba la pili. Lawama yetu ni nyingine, na si yake peke yake: vitabu hivi vinachapishwa mbali, vinauzwa kwa bei ya Ulaya, na katika miji yetu mahali pa kuvinunua panahesabika kwa vidole. Kitabu kilichotoka Katanga mwaka 1945 ni rahisi zaidi kukipata Paris kuliko Kamina.

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa tunajua kuna wanaosoma ukurasa huu wakiwa na swali lao mfukoni.

Christiane aliweza kushika kazi kwa sababu alikuwa ameijua tangu mwanzo, na hakuna aliyemfungia mlango. Kwetu, mlango unafungwa mara nyingi kwa kukosa makaratasi. Sheria yetu ya familia, ile ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, haimtupi mjane. Watoto wa marehemu, wavulana na wasichana sawasawa, pamoja na wale wa nje aliowakubali kisheria, wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Ndiyo, mashemeji wamo, lakini katika robo ile, si katika yote. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake.

Na kabla ya kugawa, kuna jambo ambalo wengi hawalisemi kwenye matanga. Kama hamkuchagua vingine siku ya ndoa, mali mliyoipata pamoja baada ya kuoana ni yenu wawili. Nusu yake si urithi hata kidogo, ni yako tayari. Kinachogawanywa ni sehemu ya marehemu.

Lakini hayo yote yanasimama juu ya ndoa iliyoandikwa serikalini. Mahari iliyolipwa mbele ya wazee ni kitu kizuri, na ndoa ya kanisa ni baraka, ila mbele ya tribinali wataomba cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila inaweza kuandikishwa kwenye biro ya komini au ya sekta, na mume na mke wakiwa hai. Msingoje ugonjwa. Andikisheni na watoto.

Halafu kuna biashara yenyewe. Zamani sheria ilitaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume ili aweke sahihi kwenye mikataba. Marekebisho ya 2016 yaliondoa sharti hilo. Kwa hiyo ikiwa mnauza pamoja, patente inaweza kuwa na jina lako. Jua nani anawadai na ninyi mnamdai nani. Jua depo iko wapi na nani ana ufunguo wa pili. Wamama wengi tunaowajua waliuza pamoja na waume zao miaka ishirini, na siku ya msiba hawakujua jina la mtu anayewaletea mzigo.

Wenye swali juu ya kuandikisha ndoa walete cheti cha ubatizo au karatasi za mahari siku ya mkutano, tutakwenda komini kwa kikundi, maana kwa kikundi mtu hasumbuliwi sana.

Na wale wa kikundi cha kusoma, tumeamua kuanza na Shaba deux. Kifaransa chake si kigumu sana, na wenye kukijua watawasomea wengine kwa Kiswahili, sura moja kila juma. Tunatafuta nakala katika maktaba za parokia na za chuo kikuu. Mwenye mtoto au ndugu Paris amwambie apite namba 25 bis, rue des Écoles. Duka la Présence Africaine liko hapo.